Sura ya Sita: Gari Zito Kuondoka

Madereva wanaopakia mahindi na mihogo Mabamba, upande wa Kibondo unaopakana na Burundi, wana swali moja wasilochoka kuwauliza mafundi. Gari likishachanganya linakwenda vizuri tu. Lakini likisimama kwenye kilima na mzigo, linakuwa zito kuondoka. Unatia namba moja, unaachia klachi taratibu, unakanyaga mafuta, na injini inanguruma bila kuvuta huku nyuma likipanda wingu jeusi. Utingo ameshashuka na jiwe lake la kuzuia tairi. Kwa nini?

"Fundi, niongezee mafuta kidogo kwenye pampu," dereva anasema akifika gereji.

"Hamna shida, suka. Fungua boneti."

Sura hii inahusu kile ambacho bisibisi ya fundi huyo inakwenda kukigusa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mara nyingi lori la namna hiyo halijapungukiwa mafuta, limepungukiwa hewa. Ukiliongezea mafuta utapata moshi zaidi, joto zaidi na bili kubwa zaidi, na kilima kitakuwa palepale. Zipo hali ambazo mafuta kweli ni machache, nazo tutazifikia, lakini hata hizo mara nyingi haziponi kwa bisibisi.

Malori tunayoyazungumzia

Tunazungumzia dizeli zenye pampu ya kimakanika, yaani pampu inayozungushwa na gia za injini na kupima mafuta kwa vyuma, springi na vyuma vizito vinavyozunguka, bila kompyuta. Canter yenye injini ya 4D33 imo. Fuso yenye 6D16, Isuzu za miaka ya 1980 na 1990, Scania 113, na Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile iliyozoeleka kwenye misafara ya mashirika ya misaada tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe Kasulu mwaka 1996, zote zimo. Malori mapya ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta hayamo. Ukiwa na lori la namna hiyo, ruka sura hii.

Magari haya yamedumu katika nyanda hizi kwa sababu inayoeleweka. Barabara ya Kigoma kwenda Nyakanazi kupitia Kasulu na Kibondo ilikuwa ya udongo kwa miongo mingi, na lami imeingia kipande kwa kipande miaka ya karibuni tu. Barabara nyingi za kuingia vijijini bado ni vumbi kiangazi na tope masika. Kwenye mazingira hayo, injini ambayo fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe kwa spana za kawaida ina thamani kuliko injini yenye nguvu inayogoma kwa sababu ya waya mmoja.

Pampu inapima nini?

Kwenye gari la petroli, ukikanyaga pedeli unafungua mlango wa hewa, na mafuta yanafuata. Kwenye dizeli ni kinyume. Hewa inaingia bila kizuizi wakati wote, kadiri silinda zinavyoweza kuvuta, na pedeli inaamua mafuta peke yake. Kwa hiyo injini ya dizeli ya zamani haina namna ya kukataa mafuta uliyozidisha. Pampu itayasukuma, nozo zitayapuliza ndani, na yatakayokosa hewa yatatoka kwenye ekzosi yakiwa masizi.

Pampu zenyewe ni za aina mbili. Pampu ya mstari ina plunja moja kwa kila silinda. Plunja ni kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya kitundu chake kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba hakihitaji ringi wala mpira. Plunja zote zinazungushwa na fimbo moja yenye meno, mafundi wanaiita reki. Reki ikisogea mbele mafuta yanaongezeka, ikirudi nyuma yanapungua. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za namna hii kwa wingi mwaka 1927, na mtu aliyeielewa ile ya kwanza asingepotea akifunguliwa ya Fuso. Aina ya pili ni pampu ya kugawa: plunja moja inayozunguka na kugawia silinda zote kwa zamu. Hii ndiyo ndogo ya mviringo unayoiona kwenye Land Cruiser.

Katikati ya pedeli na reki kuna gavana. Huyu ndiye mlinzi wa mizunguko: anashikilia injini isizime ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila pedeli kukanyagwa, na anakata mafuta injini isije ikapasuka kwa resi. Dereva anapokanyaga pedeli, kwa kweli anamwomba gavana, na gavana anaamua.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hesabu mjadala huu unakuwa wa kubishana tu. Injini ya 6D16 ina ujazo wa karibu lita 7.5 kwa silinda 6, sawa na lita 1 na robo kwa kila silinda. Kwa hesabu ya juujuu, silinda moja isiyo na turbo, ikiwa Dar es Salaam usawa wa bahari, inavuta hewa yenye uzito wa gramu 1 na robo hivi kila inapopumua. Dizeli inaungua bila moshi mweusi ikipata hewa karibu mara 20 ya uzito wake. Kwa hiyo mafuta yanayofaa kupulizwa mara moja ni kama miligramu 62, kiasi cha tone moja au mawili. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, kila silinda inapulizwa mara 500. Makosa ya sehemu ndogo ya tone, yakirudiwa mara 500 kwa dakika kwenye silinda sita, ndiyo yale mawingu meusi unayoyaona kwenye kona za kupandia.

Kibondo si Dar es Salaam

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Lori limenunuliwa Dar es Salaam, likapimwa huko, likapakia huko, likaondoka vizuri. Likifika huku juu linakuwa zito, na mwenye nalo anaamini kuna kitu kimeharibika njiani.

Ziwa Tanganyika pale Kigoma mjini liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inapanda, na vilima vingi vya Kasulu na Kibondo viko juu ya mita 1,200. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Baridi ya huku inasaidia kidogo, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, lakini bado kila silinda inapata hewa pungufu kwa takriban asilimia 15. Ile silinda yetu ya Fuso iliyohimili miligramu 62 za mafuta sasa inahimili kama 53.

Pampu haijui. Pampu ya mstari ya kawaida haina kifaa cha kuhisi mwinuko. Itaendelea kupuliza 62 zilezile, na zile 9 za ziada hazina hewa ya kuungua nazo. Baadhi ya pampu za Land Cruiser zilitengenezwa na kifaa cha kufidia mwinuko, kikopo kilichofungwa kinachovimba hewa ya nje ikiwa nyepesi na kupunguza mafuta chenyewe. Tazama neno hilo: kupunguza. Watengenezaji walipofikiria milima, walifikiria kupunguza mafuta. Fundi wetu anafikiria kuongeza.

Mama yeyote anayepikia mafiga angeweza kumweleza. Jiko likianza kutoa moshi, hasukumii kuni zaidi, anazivuta nyuma hewa ipite.

Kwa ufupi hadi hapa: dizeli inapewa mafuta kwa pedeli, lakini kiasi kinachoweza kuungua kinaamuliwa na hewa. Huku juu hewa ni nyepesi. Lori lisilo na turbo, lenye pampu nzima iliyopimwa pwani, likifika Mabamba tayari lina mafuta ya kuzidi.

Uliza moshi kwanza

Kabla ya neno lolote kuhusu pampu, mtu mmoja akae nyuma ya gari atazame ekzosi wakati dereva anaondoa mzigo kilimani. Majibu ni mawili, na kila moja lina njia yake.

Gari likiwa zito huku likitoa moshi mweusi, mafuta yapo tele. Kinachokosekana ni hewa, au mafuta yanaingia vibaya. Nozo iliyochoka haipulizi ukungu, inadondosha matone; tone halipati hewa ya kutosha upande wake wa ndani, linaungua nusu. Taiming ya pampu iliyochelewa inafanya vivyo hivyo, mafuta yanaingia wakati pistoni imeshaanza kushuka.

Gari likiwa zito na ekzosi ikiwa safi, hapo ndipo mafuta kweli ni machache. Sababu ya kwanza ya kutafuta ni filta ya dizeli iliyoziba au upepo unaovutwa kwenye mabomba. Ya pili ni nzito zaidi: plunja imelika. Chuma kilichotengenezwa kutovuja sasa kinavuja, na kinavuja zaidi injini ikizunguka polepole, kwa sababu kila msukumo unachukua muda mrefu na mafuta yanapata nafasi ya kurudi nyuma. Mizunguko ikipanda, msukumo unakuwa wa haraka, uvujaji hauonekani, gari linachanganya vizuri. Ndiyo sababu pampu iliyolika inakuwa dhaifu chini na hodari juu.

Dalili yake inajulikana na kila dereva wa Land Cruiser kuukuu: asubuhi inawaka mara moja, lakini ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena. Joto limeifanya dizeli kuwa nyepesi, inavuja yote. Dereva anachota maji na kuimwagia pampu ipoe, gari linawaka, safari inaendelea. Ujanja huo unafanya kazi, na kila unapofanya kazi unathibitisha kwamba pampu imekwisha. Hakuna skrubu inayorudisha chuma kilicholika.

Kilichoila pampu ni nini? Mara nyingi ni mafuta yenyewe. Plunja hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli inayopita. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kavu, inasugua. Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike. Lakini mafuta yanayouzwa kwa madumu kando ya barabara hayana wa kuyapima. Ukanda wa mpakani una madumu mengi, hasa miaka hii ambayo Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Maji ni adui mwingine. Dumu lililolala nje kwenye baridi ya Kibondo linakusanya umande ndani. Ukilazimika kununua dumu, liache litulie, mimina kwa kitambaa safi, na yale ya chini kabisa usiyatie.

Lori lenye turbo lina habari yake

Mambo yanabadilika gari likiwa na turbo, na hapa madereva wana haki ya kulalamika zaidi. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi unaotoka unazungusha ya kwanza, ya pili inashindilia hewa ndani ya injini. Ikizunguka vizuri, hewa nyepesi ya milimani haiiumizi sana. Lakini gari linapoondoka moshi ni mdogo, feni hazijachanganya, na injini inapumua kama isiyo na turbo.

Watengenezaji waliweka kizuizi kwa ajili ya dakika hiyo. Juu au nyuma ya pampu kuna kikopo chenye diafremu, ngozi ya mpira inayosukumwa na hewa ya turbo kupitia bomba jembamba. Hewa ikiwa ndogo, springi inaishikilia diafremu na reki haiwezi kufika mbali. Hewa ikipanda, diafremu inasukumwa, reki inaachiwa. Bomba lile jembamba likipasuka au likiziba, diafremu haisukumwi kabisa na lori linakuwa zito chini na juu. Nimeona watu wakihangaika na pampu nzima wakati tatizo ni bomba la mpira la bei ndogo, kwa hiyo anza nalo.

Kama kila kitu ni kizima na bado gari ni zito chini, bila moshi, halafu linaruka ghafla turbo inapoingia, basi kizuizi hicho kimewekwa kikali kupita hali yake, na kukilegeza kidogo ni halali. Fundi lazima ajue anagusa kipi kati ya vitu vitatu hivi vya pampu ya kugawa:

Kwanza, skrubu ya mafuta ya juu kabisa, nyuma ya pampu, ambayo kiwandani hufungwa kwa sili. Hii inapandisha mafuta kila mahali kwa pamoja, pamoja na sailensa. Ndiyo inayoguswa na wengi na ndiyo isiyotakiwa kuguswa kwa tatizo hili. Ukiizidisha, injini inaweza kukataa kushuka resi hata ukiachia pedeli.

Pili, springi iliyo chini ya diafremu, inayokazwa na kulegezwa kwa gurudumu dogo lenye meno. Inaamua turbo ifike wapi ndipo mafuta yaanze kuongezeka. Ukiilegeza, yanaanza mapema.

Tatu, pini ya diafremu, ambayo imechongwa upande ili kila ikizungushwa ibadilishe kiasi, pamoja na skrubu ya kikomo juu ya kifuniko. Hivi viwili ndivyo vinavyopanga mafuta ya kuondokea, kabla turbo haijaamka.

Pampu za mstari zina kifaa kama hicho, umbo tofauti. Marekani kuna vijana wenye pikapu za Dodge za miaka ya 1994 hadi 1998, zenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na pampu ya mstari, ambao kwao kusogeza kikopo cha diafremu na kulegeza gurudumu la meno ni mchezo wa Jumamosi. Wengine wanafurahia moshi wenyewe. Wao hawapandi na tani za mihogo wakitegemea gari hilohilo kulipa ada ya shule, kwa hiyo tuwaache na mchezo wao.

Utaratibu wa kugusa

Weka alama ya rangi au mkwaruzo mahali kila kitu kilipokuwa kabla hujakigeuza. Andika kwenye daftari la gari. Geuza kidogo, moja ya nane ya mzunguko, si zaidi, na kitu kimoja kwa wakati. Kisha rudi kwenye kilima kilekile, na mzigo uleule, gia ileile. Jaribio la gari tupu gerejini halikuambii chochote.

Moshi ndio kipimo cha fundi asiye na mashine. Ukungu wa kijivu unaotoka dereva anapokanyaga na kupotea mara moja unakubalika. Mweusi unaoendelea kutoka wakati gari linavuta haukubaliki, rudisha nyuma. Hakikisha pia kabla ya kuwasha kwamba unajua kuizima injini ikikataa kushuka: mkono wa kuzimia uko wapi, na nani ana ubao wa kuziba mdomo wa hewa.

Kwa nini niwe mkali hivyo kuhusu moshi? Kwa sababu mafuta yanayokosa hewa yanachelewa kuungua, na moto unaochelewa unaipiga pistoni na valvu muda mrefu zaidi. Pistoni ni aloi ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, wakati moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Kinachoiokoa pistoni ni ufupi wa moto huo. Masizi nayo yanaingia kwenye oili na kuifanya kama uji mweusi unaosaga beringi. Oveholi ya injini inayoletwa na skrubu ya dakika tano ni jambo la kawaida mno.

Anza na ea klina

Kabla ya yote hayo kuna kazi isiyohitaji fundi pampu. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Septemba au Oktoba, linaziba ea klina, yaani filta ya hewa, kuliko mtu wa mjini anavyodhani. Injini iliyokwishanyimwa asilimia 15 ya hewa na mwinuko haiwezi kuvumilia kunyimwa tena na filta. Ikung'ute, ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na ikichakaa nunua mpya. Kuiondoa kabisa ili "gari lipumue" ni kuilisha injini mchanga. Ringi zitakwisha, na moshi utageuka kutoka mweusi kuwa wa bluu, wa oili.

Baada ya ea klina, nenda kwenye filta ya dizeli na kitenganisha maji, toa upepo kwenye mabomba, kisha zipeleke nozo zikapimwe. Inua magurudumu uyazungushe kwa mkono kuona kama breki zinashika. Angalia klachi. Nimeshangazwa na idadi ya pampu zilizofunguliwa kwa kosa la breki.

Pampu yenyewe ikihitaji kupimwa, ipelekwe kwenye mashine ya kukalibreti, yaani meza inayoizungusha pampu kwa kasi tofauti na kupima mafuta ya kila tundu kwenye vichupa. Karakana za namna hiyo ziko miji mikubwa kama Mwanza na Dar es Salaam, na kutoka Mabamba ni safari ya kweli. Ukifika, mwambie fundi wa mashine jambo moja ambalo wengi hawalisemi: gari hili linafanya kazi kwenye mita 1,500. Mwombe aipunguze pampu isiyo na turbo kwa mwinuko huo. Hutapoteza nguvu, kwa sababu mafuta atakayoondoa ni yale yaliyokuwa yakitoka kama moshi, na dizeli ya Kigoma, ambayo bei yake kikomo ya EWURA inabeba gharama ya kuisafirisha kutoka bandarini, si ya kuchomea angani.

Na kama lori lako halina turbo, ea klina ni safi, filta ya dizeli, nozo na pampu ni nzima, ekzosi haina moshi mweusi, breki hazishiki, na bado ni zito kuondoka na tani zile unazopakia, basi limefika mwisho wa uwezo wake. Punguza magunia, au nunua lenye turbo. Fundi atakayekuahidi kingine kwa bisibisi, mlipe nauli yake aende.